Waya wa Rangi ya Damu ya Mzee

Riziki ndiye aliyenistaafisha, ingawa mwenyewe anakataa. Nilikuwa nimelala chini ya dashibodi ya lori la kubeba bia, nimeshika nyaya mbili, nimezikazia macho. Zote zilikuwa rangi moja. Riziki, ambaye leo ndiye mkubwa wenu hapo gereji ya Mulongwe, alichungulia mlangoni akasema:

"Papa Fundi, ile ya kushoto iko kahawia, ya kuume iko zambarau. Unataka kutengeneza lori ama kuipika?"

Mlicheka wote, nami nikacheka. Kisha nikaenda kwa daktari wa macho. Akaniambia kwamba mwanga wa kuchomelea vyuma, ule niliouangalia bila miwani nilipokuwa kijana mwenye haraka, umeunguza nyuma ya jicho. Nyuso naziona, ziwa naliona, milima ya ng'ambo naiona asubuhi kukiwa kweupe. Rangi tu ndizo zimeanza kufanana. Mwashi asiyejua rangi anaweza kujenga nyumba nzuri. Fundi wa umeme wa magari asiyejua rangi atachoma gari la mtu. Basi nimeacha, nikiwa na miaka arobaini na kitu, wakati watu wa rika langu ndiyo kwanza wanaezeka nyumba zao.

Nawaandikia nyinyi mnaobaki. Mengine ni ya kukumbuka tu, lakini kuna waya mmoja, ndani ya gari moja la mtaa wa Songo, ambao siku moja mtaukuta na mtataka kuubadilisha. Kuhusu waya huo nataka mnisikilize vizuri. Nitaufikia.

Nilimaliza sekondari na diploma mkononi, na diploma ile ilinisaidia sana kujipepea. Fundi aliyenipokea aliitwa Papa Bihembe, mtu wa Lubarika, mfupi, mwenye vidole vinene ambavyo mngedhani ni vya kulimia mpunga tu. Kazi yake yote ilikuwa umeme wa magari, na kipenzi chake kilikuwa klinyota, zile taa za pembeni zinazosema gari linageukia wapi. Siku ya kwanza nilitegemea bisibisi. Alinipa kitambaa cha kufutia mafuta.

"Funga macho."

Nikafunga. Akanikalisha kwenye kiti cha dereva, akawasha kontakti kwa ufunguo, akaweka klinyota ya kulia.

"Unasikia nini?"

"Tik, tak."

"Hiyo hata mbuzi inasikia. Inaenda mbio ama pole?"

"Mbio, Papa."

"Sasa njo umeanza kuwa muntu. Mbio, maana yake ampuli moja ya upande ule imekufa. Ingekuwa inakokota miguu, ningekuambia betri imechoka, ama waya imechoka. Na kama taa inawaka tu, haizimike, uanze kwa santrali."

Ampuli ni balbu, na santrali ni kile kiboksi kidogo chini ya dashibodi. Katika magari ya zamani kina kipande cha chuma kinachopata joto na kupoa, kikifungua na kufunga njia ya umeme. Sauti ya tik, tak ni yake. Vijana wengi wakiona klinyota mgonjwa hukimbilia kununua santrali mpya. Papa Bihembe alikuwa anawauliza: upande wa pili unafanya kazi vizuri? Kama ndiyo, kiboksi kimoja kinalisha pande zote mbili, sasa kina kosa gani? Nenda upande unaolia. Kitambaa kile nilifungwa muda mrefu kiasi kwamba wateja waliuliza kama nina ugonjwa wa macho. Leo nikikumbuka, nacheka peke yangu.

Chombo chake kikubwa nilikirithi: ampuli ndogo ya pikipiki yenye nyaya mbili, mmoja una kibanio mwishoni, wa pili una msumari ulionolewa. Unabana kibanio kwenye betri, unagusagusa kwa msumari. Ikiwaka, umeme unapita. Nimewahi kushika mashine za kioo zinazoonyesha namba, na zina maana yake, lakini zikianguka kwenye matope ya Uvira mara moja hazisemi tena.

Na la mwisho alilonifundisha ni masi. Umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri, na unarudi kwa kupitia mwili wa gari wenyewe. Njia hiyo ya kurudi ndiyo tunaita masi. Taa ikikaa vizuri juu ya chuma kitupu, umeme unarudi nyumbani. Kutu ikiingia katikati, umeme unapotea kama mlevi na kupitia nyumba za watu: unaweka klinyota, inawaka taa ya breki. "Umeme iko kama mukwe," alikuwa anasema. "Bila kumufungulia mulango, haingie." Aliamini chuma kitupu kuliko alivyowaamini watu. Fundi aliyevuta waya wa kusaidia masi badala ya kukwaruza chuma, Papa Bihembe alimwita mvivu mbele ya mteja. Waya hukatika, alisema, lakini chuma utakikuta palepale.

Mimi si mtu wa kukaa. Nilipojua kazi, miguu ikaanza kuwasha. Nilikwenda Baraka, nikakaa hadi nilipochoka na samaki. Nikapanda boti hadi Kalemie, nikarudi, nikapanda uwanda wa Ruzizi nikitengeneza malori ya mpunga na nyanya njiani, begi mgongoni na ile taa ya msumari mfukoni. Kiringye nilikuta pikapu ya mama mmoja mfanyabiashara wa mchele, klinyota yake ya kulia imekufa kabisa. Nilifungua pembe ya nyuma nikakuta kiota cha panya, kimetandikwa vizuri kuliko kitanda changu, na nyaya zimebaki shaba tupu.

"Panya hizi zinakula muchele yangu ya bure," mama akapiga kelele, "na waya pia?"

"Mama, waya njo mboga yao."

Alinifukuza kwa kicheko, kisha akaniita nile. Barabara ile ya uwanda ndiyo iliyonifundisha kwa nini kazi yetu si ya urembo. Mnaijua desturi. Lori likiwa mbele yako likaweka klinyota ya kulia, linakuambia: pita, mbele ni peupe. Likiweka ya kushoto, linakuambia: ngoja, kuna kitu. Dereva wa nyuma haoni kitu ila vumbi na ile taa. Anaweka maisha yake juu ya ampuli ndogo kama ncha ya kidole. Kwa hiyo klinyota inayodanganya ni mbaya kuliko klinyota iliyokufa. Iliyokufa, mtu atatoa mkono dirishani.

Nilirudi Uvira kila nilipochoka kuzunguka, na Mulongwe ilinipokea kila mara bila kuuliza maswali. Papa Bihembe alizikwa kwao Lubarika nikiwa safarini. Niliambiwa nilipofika. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kukaa zaidi kidogo.

Sasa nafika kwenye waya.

Ilikuwa kazi yangu ya mwisho, wiki chache baada ya lile lori la bia. Rajabu wa Songo aliingia gereji akiendesha gari la baba yake. Gari hilo mnalijua, Maridadi, lile refu la Kifaransa, la zamani kuliko mimi. Baba mwenyewe, Mzee Salumu, alikuwa amekaa kiti cha pembeni, kofia yake nyeupe imenyooka. Ni watu wa biashara tangu mababu waliokuja na misafara ya ziwa, na katika nyumba yao kila msichana anayeolewa anatoka mlangoni kwa Maridadi. Kabla ya kila harusi gari hupakwa rangi upya, na bi harusi ndiye anayechagua rangi. Hawapeleki kwa mpaka rangi wa magari. Mzee Salumu hupaka mwenyewe kwa burashi, kwa rangi ya mitumbwi inayouzwa Kalundu bandarini, kwa sababu, asema, kitu kinachozuia ziwa kitazuia mvua.

Safari hii alikuwa anaolewa mjukuu wake Aziza, Jumamosi ile ile. Rangi mpya ilikuwa imekauka. Niliambiwa ni ya papai lililoiva. Mimi niliona kitu kama uji.

"Fundi, siko na maneno mingi," Rajabu akaanza. "Juzi Baba alikuwa anaenda Kiringye. Akaweka klinyota ya kushoto akate kwenye shamba. Motari iko nyuma yake anaona taa ya kulia inapepesa. Anasema, aa, muzee ananiambia nipite. Akapita kushoto, na Baba anakata kushoto!"

Kijana wa pikipiki aliokoka kwa kujitupa katika mfereji wa mpunga. Alitoka akiwa na matope hadi masikioni, mzima, na matusi yake yakiwa mazima pia.

"Mafundi wawili wameshachokora," Rajabu akaendelea. "Wamebadilisha ampuli, santrali, hata kile kijiti cha usukani. Bado inadanganya. Kama mpaka Jumamosi haisemi kweli, Aziza ataenda na gari yangu ya jipu, na hii itaenda kwa batu ya mitraye."

Watu wa mitraye ni wale wanaonunua vyuma chakavu. Mnajua wanavyofanya: shoka kwanza, maswali baadaye.

"Na minye pia utaniuzisha?" Mzee akauliza, bila kugeuka.

"Baba, angekufa muntu."

Mzee alijua ni kweli, na Rajabu alijua kwamba anajua, na hakuna aliyefurahi.

Niliwasha kontakti, nikafumba macho kama siku ya kwanza. Kulia, tik, tak, mwendo mzuri. Kushoto, santrali ilichechemea kama mtu mwenye mwiba. Nikazunguka nyuma: klinyota ya kushoto ilikuwa hafifu, na taa nyekundu za nyuma, za pande zote mbili, zilikuwa zinapepesa kidogo kidogo pamoja nayo. Umeme mlevi; ile nyekundu ya kulia ndiyo iliyomdanganya kijana wa pikipiki. Nikasema moyoni: masi, kazi ya asubuhi moja.

Haikuwa ya asubuhi moja. Nilitoa taa ya kushoto, nikabana kibanio cha taa yangu upande wa moto wa betri, ule unaotoa umeme, nikagusa chuma kwa msumari pale inapokaa. Ikawaka vizuri kabisa. Nikagusa pembeni, ikawaka. Nikagusa matundu ya skrubu, ikawaka. Chuma kilikuwa na afya. Nikarudi mbele, nikafuata waya hadi chini ya zulia, nikafungua vitu ambavyo havikuwa na kosa lolote. Mzee Salumu aliketi juu ya tairi kuukuu akinitazama, na kila nilipopita aliniuliza swali lilelile:

"Itapona?"

"Itapona, Mzee."

Kufikia jioni nilikuwa naipunguza sauti kila ninapojibu.

Asubuhi nilirudi kwenye pembe ile, nikachoma tena kwa msumari, ikawaka tena. Lakini nilipouchomoa, kidole changu kilipapasa pale nilipochoma. Kulikuwa na tundu, jembamba na refu. Macho yangu yasingeliona hata siku moja, lakini kidole kililiona. Msumari wangu ulionolewa ulikuwa unatoboa rangi hadi chuma, halafu unaniambia chuma ni kizima. Ulisema kweli. Ila taa ya gari haina msumari. Yenyewe inakaa juu ya rangi.

Nikavuta waya kutoka upande wa masi wa betri, nikaugusisha kwenye mwili wa taa. Klinyota ikawaka kama imekasirika, na zile nyekundu zikanyamaza. Mzee aliinuka kutoka kwenye tairi.

"Mzee, wakati wa kupaka rangi, hizi taa unazizungushia tu burashi, sivyo?"

Alikaribia kukasirika. "Weye! Minye ninazitoa. Ninapaka nyuma yake, ninapaka na matundu, njo ninarudisha. Fundi wa mitumbwi alinifundisha: penye burashi haifike, maji itafika."

Ndiyo hivyo. Mtu mvivu angepaka kwa kuzunguka taa, na gari lake lingegeuka salama hadi leo. Mzee Salumu alilipenda Maridadi hadi akalifungia umeme nje, koti la rangi juu ya koti, na lile la papai likawa la kumalizia.

Nikachukua kisu nianze kukwaruza. Akainama karibu nami, akashika goti langu.

"Pole pole. Hiyo umetoa ni Aziza."

Chini yake kulikuwa na nyingine. "Hii rangi gani, Mzee? Macho yangu hayanisaidii."

"Majani mabichi. Zuhura, mama yake Aziza. Alilia toka Songo mpaka Kalundu. Kufika kwa bwana akaanza kucheka, hajaacha mpaka leo."

"Na hii?"

"Samawati. Mwajuma, mukubwa wake Zuhura. Huyo alitaka rangi mbili, mulango kwa mulango. Nilimuambia hii ni gari, haiko kitenge."

"Hii nyeupe?"

"Haiko nyeupe, ni ya maziwa. Dada yangu mudogo, Hadija."

Nilikuwa nakwaruza duara dogo, na kwenye ukingo wake rangi zilipangana kama maganda ya kitunguu. Zilipofika mwisho, kisu kikagusa kitu kigumu, cheusi kwa macho yangu. Mkono wa Mzee ukaja juu ya kisu.

"Hapo basi."

"Bado hatujafika chuma, Mzee."

"Najua. Hii njo ya Mariamu."

Mariamu alikuwa mkewe. Picha zao za harusi zilioza ziwa lilipopanda na kuingia nyumbani kwao. Yeye mwenyewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. "Ni damu ya muzee," akasema, akiigusa kwa kidole. "Alichagua yeye. Nilimuambia, bi harusi hawezi kupanda gari ya rangi ya namna hii. Akaniambia, basi panda weye mwenyewe, minye nitatembea." Akacheka bila sauti. "Toka nimepaka ile ya Hadija juu yake, sijaiona tena."

Rajabu alikuwa ameingia, amesimama nyuma yetu. "Baba, ni kadogo kama ukucha! Fundi akwaruze tu, tumalize."

"Ukucha ya nani? Ya mama yako."

Rajabu akaja akachuchumaa upande wa pili, akaitazama ile rangi muda mrefu. Alizaliwa baada ya harusi ile, hakuwahi kuiona.

Ilikuwa Alhamisi. Bila masi, Jumamosi Maridadi lingeendelea kudanganya, na Rajabu alikuwa na haki ya kulikataa. Papa Bihembe angekwaruza. Ningekuwa na umri wa kugombania kazi, ningekwaruza pia. Nikaweka kisu chini, nikamwomba Mzee anisamehe, na nikamwomba Papa Bihembe huko Lubarika aangalie pembeni. Nilitaka kuvuta waya: kutoka mwili wa taa, kupitia buti, chini ya zulia, hadi kwenye masi ya betri. Waya wa mvivu.

"Mzee, kwenye lile boksi kuna nyaya. Nipe ya kahawia, ndiyo rangi ya masi katika gari hili."

Alikwenda akakaa kwenye boksi akichambua, akizinyoosha moja moja kwenye mwanga wa mlango. Nilimwita mara mbili. Mwishowe akaniletea waya mrefu, mzuri, mnene wa kutosha. Nikauchomelea kwa risasi iliyoyeyushwa, nikaubana kila hatua ili usikatike, nikarudisha taa. Lile duara dogo likafichwa nyuma yake.

Niliwasha kontakti, nikamwambia Rajabu afumbe macho. Alidhani namchezea.

"Kushoto. Unasikia nini?"

"Tik, tak."

"Mbio ama pole?"

Akasikiliza. "Inatembea tu. Kama muntu anaenda sokoni."

Siku ya Jumamosi nilisimama barabarani, pale njia ya Songo inapotoka kwenye barabara kubwa. Maridadi lilikuja mbele ya msururu, Mzee mwenyewe kwenye usukani, Aziza nyuma amefunikwa, jipu la Rajabu likifuata kwa honi. Motari mmoja aliyekuwa ubavuni alitaka kupenya. Klinyota ya kushoto ikawaka, ikazima, ikawaka, upande wa kulia kimya. Motari akafunga breki, akangoja, Maridadi likakata kushoto taratibu, na Aziza akaondoka kwao kama walivyoondoka wenzake wote.

Wiki iliyofuata Riziki alifungua buti la gari lile kwa kazi nyingine, akaja kwangu ameshika kiuno.

"Papa Fundi, masi ya Maridadi umeipitisha na waya gani ile?"

"Ya kahawia."

"Kahawia wapi! Ni nyekundu ya giza. Damu ya muzee kabisa. Fundi mwingine akiiona atasema ni moto, ataichoma gari."

Nilimkumbuka Mzee mlangoni, akizinyoosha nyaya kwenye mwanga.

Basi sikilizeni, kwa sababu mimi Jumatatu napanda boti kwenda Kalemie, na sijui nitarudi lini. Nyuma ya taa ya kushoto ya Maridadi kuna waya wa rangi ya damu ya mzee. Huo ni masi. Msiuunganishe na moto. Nimeufunga kitambaa cha kufutia mafuta pande zote mbili ili mkumbuke. Ukikatika, uungeni. Ukichakaa, tafuteni mwingine wa rangi ileile, hata kama itabidi mvuke hadi ng'ambo kuutafuta. Ulizeni mwenye macho. Kijana mwerevu atakuja siku moja kuwaambia hapo palihitaji kukwaruzwa tu, chuma kiko palepale. Atakuwa na haki. Mpeni chai, mwonyesheni lile duara, halafu chukueni kisu chake.